Bingwa wa Bolingi ya Dau Hapimwi kwa Vikombe

Asanteni. Mjadala wetu ni nani alikuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa bolingi ya dau, yaani mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini kumi, unaochezwa kwa kuwekeana pesa. Safari iliyopita nilikatizwa nilipomtaja mchezaji wangu, Mmarekani Ernie Schlegel. Ndugu mmoja aliniuliza, "Vikombe vyake viko wapi?" Leo naanzia hapohapo, kwa sababu swali hilo nimelijibu mara nyingi na bado linarudi.

New York ya miaka ya 1960 mnaijua, sitairudia. Nikumbushe jambo moja tu: mashine za kusimamisha pini zilipochukua nafasi ya vijana waliozipanga kwa mikono, kumbi ziliweza kukesha. Ligi zikiisha, familia zikirudi kulala, Central Lanes kule Yonkers na Avenue M Bowl kule Brooklyn ndipo kulipochangamka. Noti zinahesabiwa, watu wamesongamana nyuma ya wachezaji, kila mmoja ana wake aliyemwekea pesa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye mashindano, kazi yako ni kuangusha pini nyingi iwezekanavyo. Straiki 12 mfululizo, yaani pini zote chini kwa mpira mmoja kila mara, pointi 300, umemaliza. Kwenye dau, ukimshinda mtu kwa tofauti ya pini 60 umejifukuzia mteja. Anavaa viatu vyake na kuondoka, na kesho mji mzima unajua wewe ni nani. Mshinde kwa pini 4, naye ataona alikosa bahati tu, atataka kulipiza, ataongeza dau. Mjue kwamba kushinda kwa pini 4 kwa makusudi ni kugumu kuliko kushinda kwa 60. Lazima uwe na mkono wa kuangusha unachotaka, na pia wa kubakiza unachotaka, huku mtu anayekutazama haoni kitu. Bado hatujagusa mapatano ya kabla ya mchezo: nani amtangulize mwenzake kwa pini ngapi, na mcheze kwenye njia zipi za kuviringishia mpira. Kuna michezo iliyokwisha amuliwa kwenye mapatano hayo kabla mpira haujaguswa.

Schlegel aliyajua yote. Alikuwa kijana wa Manhattan, aliyezaliwa 1943. Alikuwa akiingia ukumbi wa ugenini bila kuoga, amejipaka wiski ananuka kama mlevi wa kutupwa. Mwenye pesa akimwona anaona chakula kimejileta chenyewe. Anapandisha dau. Akija kugundua kwamba mlevi yule hana hata tone kichwani, usiku umeshakwisha.

Najua mnachotaka kusema. Huo ni utapeli! Mimi nasema hapana, na hapa sirudi nyuma. Hakugusa pini, hakuchezea mpira, hakumlazimisha mtu kutoa noti mfukoni. Yule bwana alidhani anamwibia mlevi. Utapeli ni kuuza mechi: watu wamekuwekea pesa zao, wewe umeshapatana na upande wa pili kwamba utashindwa. Hilo lilikuwepo, tena sana, na ndilo linalofanya mjadala wetu uwe mgumu. Matokeo ya usiku ule hayakuandikwa popote, na hata yangeandikwa, ungejuaje nani alishindwa kweli na nani aliuza? Basi msiniletee wastani wa alama. Nileteeni mtu ambaye watu waliendelea kumwekea pesa zao mwaka baada ya mwaka.

Mtasema Mark Roth. Mataji 34 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa bolingi Marekani, mwaka 1978 peke yake akachukua 8, na 1980 akawa wa kwanza kuangusha pini ya 7 na ya 10 zilizobaki peke yake kwenye pembe mbili za nyuma, mbele ya kamera za televisheni. Kama swali ni bolingi, nakubali, tufunge mjadala. Lakini swali ni dau, na Roth alizaliwa 1951. Enzi zile zinapamba moto yeye alikuwa bado mtoto.

Wengine mtasema Mike Limongello na Johnny Petraglia. Wote wawili walitamba 1971, lakini hivyo navyo ni vikombe vya mashindano. Limongello alichukua shindano kubwa la US Open na ubingwa wa PBA mwaka huohuo. Richie Hornreich, mchezaji mwingine wa dau, anastahili mhadhara wake mwenyewe, na naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa.

Nimalizie na vikombe, maana mliniuliza. PBA walisita kumpokea Schlegel kwa sababu ya sifa zake za usiku. Hakuingia hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na taji la kwanza alilipata 1980. Halafu 1996, akiwa na miaka 53, akafika fainali ya Masters, moja ya mashindano makubwa ya bolingi, dhidi ya Mike Aulby, bingwa mtetezi. Safari hii alikuwa ameoga, na kila mtu ukumbini alijua anacheza na nani. Akamshinda.