Okei: Neno Lililozaliwa na Utani

Fundi wa mitambo aliponiuliza sasa hivi kama kipaza sauti kinasikika, nilimjibu, "Okei." Basi mhadhara wangu ulianzia hapo.

Wengi wetu tumesikia asili zake za kila namna. Wapo wanaosema ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Rais Woodrow Wilson aliliamini hilo, akawa anaandika "okeh". Ushahidi, hata hivyo, unatupeleka kwenye mzaha. Miaka ya 1830, vijana wasomi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno baada ya kuyaharibu tahajia kwa makusudi. "All right" ikawa "oll wright", yaani O.W. "All correct" (yote sahihi) ikawa "oll korrect", yaani O.K. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k.", na maana yake pembeni.

O.W. ilikufa. Kwa nini pacha wake akapona? Siasa, ndugu zangu. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, na mashabiki wake wakimwita "Old Kinderhook" wakaanzisha Klabu ya O.K. Wapinzani nao wakazusha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, alikuwa akiidhinisha nyaraka kwa O.K. kwa sababu hajui tahajia. Uongo mtupu, lakini ulisambaa kuliko ukweli! Van Buren akashindwa. Herufi zake zikabaki. Baadaye waendesha telegrafu, zile simu za maandishi za zamani, wakazipenda kwa ufupi wake. Aliyeyachimbua haya katika magazeti ya zamani, miaka ya 1960, ni mtaalamu wa lugha Allen Walker Read.

Kinachonivutia zaidi ni maana. Okei hukubali bila kusifu. Mwulize mtu, "Shairi langu umelionaje?" Akijibu "okei", utarudi nyumbani kulirekebisha. Akilivuta, "okeeei", hakuamini hata neno moja ulilosema. Akilikata ghafla, anataka mazungumzo yaishe. Sisi tuna "haya", ambayo nayo hubeba ridhaa, kejeli na hasira kwa kubadili sauti tu. "Sawa" pia, tuliyoipata kwa Waarabu, huweza kumaanisha nimekubali, au nimechoka kubishana nawe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Okei.