Karafuu, Panya na Nahodha Asiyerudi: Safari ya Magellan

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, na Makame yupo hapa na kahawa yake. Leo tunaye Ferdinand Magellan, Mreno anayesifiwa kwa kuizunguka dunia.

MAKAME: Skuli tulikariri hivyo hivyo. Kumbe aliuawa njiani!

ZUHURA: Usinikimbize, tutafika. Kwanza alikuwa anatafuta nini? Wewe Mpemba itakufurahisha: karafuu.

MAKAME: Sasa karafuu si angekuja Wete?

ZUHURA: Angekuta msitu. Mikarafuu ililetwa Unguja na Pemba karne ya 19. Mwaka 1519 karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo: Ternate, Tidore na majirani zao. Mpaka ifike Ulaya imeshapita kwa wafanyabiashara chungu nzima, na kila mmoja kaweka faida yake juu.

MAKAME: Lakini Wareno walishaijua njia ya huko, kwa kupita kusini mwa Afrika.

ZUHURA: Na Magellan mwenyewe alipita huku kwetu. Mwaka 1505 alikuwemo kwenye msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Baadaye akagombana na mfalme wake, Manuel, akahamia Uhispania. Na Uhispania ilikuwa na kikwazo: mkataba wa Tordesillas wa 1494 uliigawa bahari, upande wa mashariki kwa Wareno, wa magharibi kwa Wahispania.

MAKAME: Waliigawa wao wawili, wenye visiwa hawajaulizwa.

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Basi Magellan akamwambia mfalme Charles: mimi nitafika Maluku kwa kwenda magharibi tu. Septemba 1519 zikang'oa nanga merikebu tano na watu zaidi ya 230.

MAKAME: Tano. Zilirudi ngapi?

ZUHURA: Iliyokamilisha mzunguko ni moja. Santiago ilivunjikia pwani ya Argentina. San Antonio ilitoroka kule kwenye mlango wa bahari wa kusini mwa Amerika, ikarudi Uhispania na sehemu kubwa ya chakula. Na kabla ya hapo manahodha wa Kihispania walishaasi, Magellan akauzima uasi kwa kuua.

MAKAME: Hiyo ya chakula ndiyo inayonitisha.

ZUHURA: Sana. Novemba 28, 1520 wanaingia bahari kubwa, wanaiita Pasifiki, yaani tulivu, na wanadhani ni ndogo. Muitaliano mmoja aliyekuwemo, Antonio Pigafetta, aliandika kwamba walikaa miezi mitatu na siku ishirini bila chakula kibichi. Biskuti zimekuwa unga wa wadudu unaonuka mkojo wa panya. Maji ya manjano, yameoza. Ikafika wakavua ngozi zilizofungwa kwenye foromali, zile boriti za kushikia tanga, wakaziloweka baharini siku nne au tano, wakazibanika, wakala.

MAKAME: Na panya?

ZUHURA: Panya mmoja nusu dukati, sarafu ya dhahabu, na hapatikani.

MAKAME: Subhanallah. Halafu kiseyeye.

ZUHURA: Fizi zinavimba mpaka zinafunika meno, mtu hawezi kutafuna hata hicho kidogo. Dawa ni matunda na mboga mbichi tu, na wao hawakuwa nazo. Machi 1521 ndipo wakafika Guam, kisha Ufilipino.

MAKAME: Hapo ndipo namtaka Enrique.

ZUHURA: Haya, mtambulishe.

MAKAME: Enrique alikuwa mtumwa wa Magellan, aliyempata Malacca, Malaysia ya leo, mwaka 1511 Wareno walipouteka mji. Akamchukua mpaka Ulaya, kisha akapanda naye merikebu kwenda magharibi. Sasa wapo Ufilipino, inakuja mashua ya wenyeji, Enrique anawasemesha Kimalei, nao wanamwelewa!

ZUHURA: Kimalei kilikuwa lugha ya bandarini kote kule, kama Kiswahili toka Lamu mpaka Kilwa.

MAKAME: Kwa hiyo ukiniuliza mimi nani alikaribia kuizunguka dunia kabla ya wote, nitakwambia huyo mtumwa. Sanamu zikajengwa za bwana wake.

ZUHURA: Bwana wake naye kiburi kilimponza. Alifanya urafiki na Humabon, mtawala wa kisiwa cha Cebu, akambatiza, halafu akaenda kupigana na Lapulapu, mkuu wa kisiwa jirani cha Mactan, ili amwonyeshe rafiki yake nguvu za Wahispania. Aprili 27, 1521, maji yalikuwa mafupi, mashua zenye mizinga zikabaki mbali. Wakamuua pale pale ufukweni.

MAKAME: Wosia wake ulisema akifa Enrique awe huru. Duarte Barbosa, aliyeshika uongozi, akakataa. Siku chache baadaye Humabon akawaalika wakubwa wa msafara kwenye karamu, wakachinjwa, Barbosa akiwemo. Pigafetta anasema Enrique ndiye aliyepanga na Humabon. Mimi simlaumu.

ZUHURA: Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, wakaichoma Concepción. Novemba wakafika Tidore, wakashehena karafuu. Trinidad ikaanza kuvuja, ikaachwa nyuma. Baharia mwenzao, Juan Sebastián Elcano, akaondoka na Victoria peke yake, akipita bahari yetu ya Hindi mbali kabisa na pwani ili Wareno wasimwone.

MAKAME: Wakawanasa watu wake Cape Verde lakini, visiwa vyao vya magharibi mwa Afrika.

ZUHURA: Wenzake 13 walikamatwa huko. Na hapo hapo ndipo walipogundua jambo la ajabu: kwenye daftari lao ni Jumatano, nchi kavu ni Alhamisi. Kwa kufuata jua kwenda magharibi dunia nzima, siku moja imewapotea.

MAKAME: Yaani Ijumaa ungeiswali kumbe Jumamosi!

ZUHURA: Septemba 6, 1522 Victoria ikaingia Uhispania na watu 18. Ila karafuu iliyokuwa ndani, zaidi ya tani 20, ilitosha kulipa gharama ya msafara mzima.

MAKAME: Na zile merikebu nne nyingine?

ZUHURA: Pamoja na hizo. Elcano akapewa ngao yenye picha ya dunia, na chini yake mdalasini, kungumanga na karafuu. Akatumwa Maluku tena, akafia Pasifiki mwaka 1526.

MAKAME: Angalau Uhispania ikavipata visiwa.

ZUHURA: Wapi! Mwaka 1529 Charles ana vita na hana fedha. Akawauzia Wareno madai yake yote ya Maluku kwa dukati 350,000.