Moto wa Kileleni, Mafuriko ya Bondeni
(Mhadhara uliotolewa Kasese, Uganda)

Wazee wetu, akina mama, vijana wa Kilembe na wa mjini, asanteni kwa kuja.

Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulishuka na mawe na magogo, ukabomoa nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe nayo haikunusurika. Wengi tulisema mvua ilizidi. Watafiti waliolichunguza tukio hilo walikuta kwamba mvua ya siku ile haikuwa ya ajabu kwa milima ya Rwenzori. Mlima ndio uliokuwa umebadilika. Februari 2012 moto uliteketeza sehemu ya juu ya bonde la Nyamwamba, kwenye erika, miti ya milimani yenye majani membamba, na kuvumwani nene, ile mimea laini inayotandaa ardhini na mitini, inayonywa maji kama godoro.

Moto ukishapita, tone la mvua hupiga udongo mtupu. Udongo humeguka, chembe zake zikachanganyika na majivu na kuziba vitundu ambamo maji yangepenya. Hilo mtu huliona. Lisiloonekana ni nta iliyomo kwenye majani na takataka za msituni: joto huigeuza mvuke, mvuke huzama udongoni, kisha huganda sentimita chache chini na kufanya tabaka linalokataa maji. Dondosha maji kwenye udongo wa namna hiyo, utaona tone limekaa duara, halizami. Basi mvua ya kawaida tu, ikinyesha kwenye mteremko mkali, hutiririka karibu yote kwa mkupuo, ikichimba makorongo na kuzoa kila ilichokikuta.

Tabaka hilo hudhoofika kadiri muda unavyopita. Mimi naihofia zaidi mizizi. Mti uliokufa kwa moto huendelea kushika udongo kwa muda, mizizi ikioza taratibu. Miaka michache baadaye, majani mabichi yameshaota na watu wameshasahau, mteremko huporomoka. Tafadhali msidanganywe na ukijani.

Kwenye mashamba yetu ya milimani, palipoungua pasilimwe kabla ya mvua, na magogo yasigeuzwe kuni. Yalazeni kukingama mteremko ili yazuie udongo.

Wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, mliopo, nawaomba: moshi ukionekana juu ya Kilembe mwezi wa pili, siku hiyohiyo anzeni kuorodhesha kaya zilizo ukingoni mwa Nyamwamba, mkianza na za wazee na wagonjwa. Mvua za Machi zinakuwa zimebakiza wiki chache tu.

Karibuni kwa maswali.