Rangi Tumepaka, Wenye Maduka Je?

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wenye maduka, wenye majengo na vijana wanaoanza biashara)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Nimepewa saa moja nizungumze juu ya kufufuka kwa mji wetu. Waliowahi kunisikia wanajua nitakapofikia, basi sitazunguka mbuyu. Nitazungumza kodi ya duka. Nimeshika hesabu za maduka ya mji huu maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia bila kusitasita: maduka niliyoyaona yakifa kwa kukosa wateja ni machache. Mengi yaliuawa na barua ya mwenye nyumba.

Mji unafufuka, kweli. Mwaka wa 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Mwaka wa 2019 bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ikafunguliwa upya. Matofali ya kabro yametandazwa njiani, watu wanatembea. Kontena zilizokuwa zinalazimishwa kupanda reli hadi Nairobi ziliruhusiwa tena kutolewa hapa bandarini Septemba 2022, na dereva wa lori na karani wa kutoa mizigo forodhani wameanza tena kushika shilingi. Yote hayo nayashukuru. Lakini nitajieni jambo moja katika hayo lililofanywa kwa ajili ya yule anayefungua mlango wa duka asubuhi. Ile rangi yenyewe, nawajua wapangaji walioinunua kwa pesa zao, kisha mwaka uliofuata wakapandishiwa kodi kwa kuwa jengo sasa linapendeza!

Twendeni Biashara Street, kwa sababu wanaopanga miji huja pale kupiga picha na wakaondoka bila kuona kazi inayofanyika. Mama anaingia duka la leso. Muuzaji anamfungulia moja, ya pili, ya tano. Mama anauliza jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, anasomewa, anacheka, hii siwezi kumpelekea wifi yangu, nipe nyingine. Anachagua. Leso ni doti, vipande viwili vimeshikana, haijakatwa wala kupindwa. Kwa hiyo anatoka nayo mpaka barazani, ambako fundi amekaa na cherehani yake. Fundi anaikunja kati, anaikata kwa mkasi mmoja mrefu, anaangalia rangi ya pindo, anabadilisha uzi, na cherehani inalia. Wakati huo mama amesimama anakunywa dafu la yule wa mkokoteni. Akimaliza hapo anashuka Marikiti kutafuta iliki na bizari, na akirudi anapitia halwa kwa sababu kuna wageni nyumbani, tena kilo mbili za halwa hazibebeki kwa miguu, anaita tuktuk.

Sasa mimi mshika hesabu naangalia. Pesa ya mama huyu imemfikia mwenye leso, fundi, muuza madafu, wa viungo, wa halwa na wa tuktuk. Mlango wa kwanza ulikuwa mmoja. Mtoeni yule wa leso, na wote waliobaki wamekatwa mguu.

Nimeliona hilo likitokea. Jengo lilipata mwenyewe mpya, mpangaji wa miaka na miaka akapewa barua, akatoka. Duka likakatwakatwa kwa mbao, likawa vijiduka vya vifuniko vya simu na chaja, kila kimoja na kilemba chake, yaani pesa ya kuingilia. Kwa makaratasi, mwenye jengo alipata kodi zaidi. Fundi alibaki barazani miezi kadhaa, akakaa anatazama njia, kwani hakuna anayeletea fundi kifuniko cha simu akipinde. Akaondoka. Wa madafu akahama. Vile vijiduka navyo, kwa kuwa vyote vilikuwa vinauza kitu kimoja kwa wateja wale wale, vikaanza kufunga kimoja baada ya kingine, na waliofunga wakapoteza kilemba. Hapo ni nani aliyefaidika? Hata mwenye jengo, baada ya muda, alikuwa na milango iliyofungwa.

Najua kuna kijana hapa anasema moyoni, mama huyu anatetea maduka ya vumbi yasiyotaka kubadilika. Ngoja nikujibu, kwa sababu hoja hii imenichosha. Duka la zamani unalodhani limelala linapiga picha doti mpya asubuhi na kufikia adhuhuri picha imefika Lamu, Unguja na Maskati kwa WhatsApp. Leso za Mali ya Abdulla ni jina la tangu 1887. Jina halikai zaidi ya miaka mia kwa kulala. Duka kongwe pia lina mtaji usioonekana kwenye mizania. Muuzaji wa jumla humpa mwenye duka mzigo kwa neno lake tu, na mwenye duka naye humkopesha fundi uzi na mama wa harusi doti ishirini. Mei 2020, Serikali ilipofunga Mji wa Kale watu wasiingie wala kutoka, ilikuwa ndani ya Ramadhani, na Idd ikatukuta tumefungiwa. Wenye maduka walikuwa wameshajaza mzigo wa Idd. Ninaowajua waliovuka waliokolewa na daftari la mkopo, na mwenye nyumba aliyekubali kukaa kitako wazungumze. Benki haikuwauliza hali.

Wewe kijana unayeuza mabaibui kwa simu, na sasa umepata kijiduka kando ya barabara hiyo hiyo, nikuulize: mbona hukwenda kukodi chumba Bamburi ambako ni rahisi? Ulikuja hapa kwa sababu wanawake wanapita hapa. Na wanapita hapa kwa sababu ya leso, viungo na dhahabu za watu waliokutangulia. Wateja ulikuta wameshazoezwa njia. Lakini na duka kongwe linakuhitaji wewe, kwa sababu binti wa miaka ishirini anakuja kwa ajili ya baibui lako, kisha anamkumbuka nyanya yake, anaingia pale anamnunulia doti. Sipendi kabisa mikutano ya kuwagombanisha ninyi wawili, eti pesa ya msaada iende kwa wapya au kwa wakongwe. Adui yenu ni mmoja, nanyi hamjui.

Mnajua ni kipi kinachoniuma zaidi? Sheria ya kuwalinda ipo, ya mwaka wa 1965, Sura ya 301, ya wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za vyakula. Na watu wanatoka madukani mwao huku sheria iko kabatini. Nisikilizeni vizuri hapa, na mwenye kalamu aandike.

Kama huna mkataba wa maandishi, unalindwa. Ndiyo, wewe uliyeingia kwa neno la mdomo na unalipa kwa M-Pesa kila mwezi, unalindwa. Kama una mkataba usiozidi miaka mitano, unalindwa. Ndiyo maana siku hizi mnaletewa mikataba mizuri iliyopigwa chapa, ya miaka mitano na miezi mitatu. Mmewahi kujiuliza ile miezi mitatu ya nini? Ni ya kukutoa nje ya ulinzi. Mtu anafurahi amepata mkataba wa wakili, kumbe yule jirani yake asiye na karatasi ndiye aliye salama kuliko yeye. Kabla hujatia sahihi mkataba wa aina hiyo, mpe mtu akusomee.

Ukilindwa, mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa kukutumia ujumbe wa simu. Lazima akupe notisi kwa fomu maalumu, iseme sababu, na isikupe chini ya miezi miwili. Sababu zenyewe zimeandikwa katika sheria: umelimbikiza kodi, unachelewesha kila mara, anataka kubomoa ajenge upya, na nyingine kama hizo. Akisema anataka duka alitumie mwenyewe, na jengo amelinunua juzi, sababu hiyo hanayo, kwa kuwa sheria inataka awe nalo kwa miaka mitano. Na kufuli la usiku si notisi.

Sasa mtego uko hapa, na ndimo wengi wenu mnamotumbukia. Ukipewa notisi halali, ukaikunja, ukaitia kwenye mtoto wa meza, ukasema Mungu mkubwa, notisi ile inafanya kazi yake siku ikifika. Una mwezi mmoja wa kumwandikia mwenye nyumba kwamba hukubali, na kabla ya tarehe iliyotajwa uwe umeshapeleka shauri lako kwenye baraza la kodi za maduka. Ukipeleka, notisi inasimama mpaka baraza liamue. Na kodi unaendelea kulipa, usije ukampa sababu bure. Wangapi wamekuja kwangu na notisi ya miezi minne iliyopita, imechakaa kwa jasho la mfukoni! Hapo ninafanya nini mimi?

Kuna wengine sheria hii haiwagusi kabisa, nao ni wenye vibanda vya kaunti. Upangaji wowote ambao Serikali au mamlaka ya mji ni upande mmojawapo hauhesabiwi. Kwa hiyo mama wa viungo Marikiti, katika soko lililofunguliwa tangu 1914, ana ulinzi mdogo kuliko mvulana wa chaja kwenye jengo la mtu binafsi. Hili kaunti inaweza kulirekebisha bila kungoja Bunge, kwa kujifunga yenyewe katika mikataba yake kwamba itafuata masharti yale yale: notisi ya miezi miwili, sababu iliyoandikwa, na mahali pa kulalamika.

Mwenye nyumba yule kule nyuma ananikunjia uso. Ndugu yangu, nakuona. Wewe nawe una lako. Unalipa kodi ya ardhi, paa la Mji wa Kale haliezekwi kwa bei ya mabati ya kawaida, na kwa kuwa eneo limehifadhiwa kisheria huwezi kugusa mlango wa nakshi bila kibali. Na wapo wapangaji wanaokaa kwa kodi ya enzi za babu yako na hawataki kusikia. Sikukatalii. Ninachotaka ni biashara ya haki baina yenu. Kaunti mara kwa mara husamehe riba za malimbikizo ya kodi ya ardhi, na haidai kitu zaidi ya deni lenyewe kulipwa. Kwa nini msamaha huo usipewe kwanza mwenye jengo aliyekarabati na akamwachia mpangaji wake upangaji unaolindwa? Yeye apate nafuu, mpangaji apate utulivu, paa lisivuje. Na nyumba za wakfu, ambazo ni nyingi katika mji huu, ndizo zingeanza. Wakfu ni mwenye nyumba asiyekufa wala asiyehama, ana nafasi ya kutazama mbali kuliko mtu binafsi.

Na wasije wakaniambia dawa ni kujenga mamoli kama Nyali. Supamaketi za Nakumatt zilipoporomoka kuanzia 2017, na za Tuskys zikafuata, mliona yaliyowapata wenye maduka madogo waliokuwa wamepanga pembeni mwao. Walikuwa wakimtegemea mteja wa duka moja kubwa. Lilipofunga, mteja hakuja tena, na kodi ya moli haikushuka kwa huruma. Biashara Street haijawahi kufa kwa siku moja, kwa sababu haimtegemei mtu mmoja.

Muda umekwisha, naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengi: taa za nyuma ya Marikiti, kwani mama hawezi kununua baada ya magharibi gizani, vyoo, na hili nalisema kwa niaba ya wanawake wote, huwezi kumtaka mteja atembee mjini kwa muda wa saa nne na hana pa kwenda, leseni, cheti cha zimamoto na ada ya kibao cha duka vilipwe mahali pamoja kwa siku moja, si askari watatu kwa siku tatu tofauti, na kumi la mwisho la Ramadhani, barabara zifungwe kwa magari usiku, watu wanunue kwa nafasi. Tena stesheni ya treni ya abiria wa Nairobi imehamia Miritini tangu 2017, mbali na katikati ya mji, na jinsi ya kumleta msafiri huku nalo ni la kuzungumzwa. Hayo niulizeni baadaye.

Kwa sasa, wenye notisi mfukoni msitoke. Kuna meza kule mlangoni, fomu zipo, na wanasheria wawili wamejitolea kukaa mpaka alasiri. Tutaanza na wale ambao tarehe zao ziko karibu. Nyanyueni mikono, nani tarehe yake ni mwezi huu?