Hatua Iliyoteleza Kwanza

Ndugu zangu, tuanze na jedwali. Programu inayopima sehemu za ubongo kwenye picha za MRI imefanya kazi usiku kucha, haikutoa onyo lolote, na asubuhi inakupa namba: hipokampasi ya kushoto, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ina ujazo wa sentimita mbili za mchemraba, ya kulia karibu nne. Huenda ni ugonjwa kweli, maana kifafa kinachoanzia upande mmoja kinaweza kuisinyaza hipokampasi ya upande huo. Huenda pia programu imechora vibaya mpaka wa sehemu hiyo. Namba peke yake haitakwambia. Fungua picha!

Ukishaona mpaka umekosewa, usikimbilie kuuchora upya kwa mkono. FreeSurfer, kwa mfano, ambayo ni mojawapo ya programu hizi, hulinganisha kichwa na kiolezo, yaani kichwa cha mfano, husawazisha mwangaza, huondoa fuvu, ndipo hutaja sehemu za ndani ya ubongo, kipi ni thalamasi na kipi ni amigdala. Hatua ya juu ikiteleza, zote za chini hurithi kosa. Kwa hiyo rudi nyuma, picha ya kila hatua moja moja, hadi uifikie ile ya mwisho iliyo sawa.

Fuvu lina dawa nyepesi. Katika FreeSurfer, kiwango cha kukatia fuvu kwa kawaida ni 25. Kishushe ikiwa mfupa umebaki, kipandishe ikiwa ubongo umeliwa.

Mwangaza ndio unaosumbua zaidi, na hapa naomba tutulie. Baada ya kusawazisha, maada nyeupe, yaani nyuzi za ndani ya ubongo, inatakiwa isomeke karibu na 110. Sasa weka kishale chini pembeni, usawa wa sikio, mahali ambapo macho yako yanaona wazi kwamba ni maada nyeupe, nawe unasoma 85. Programu imedhani ni maada ya kijivu, ile ya gamba la nje, ikafunga mpaka mapema, na kipande cha gamba la ubongo kimepotea. Hapo unaweka alama za udhibiti, nukta zinazoiambia programu kwamba hapa ni maada nyeupe: chache, zilizotawanyika katika vipande kadhaa vya picha, kisha unaendesha upya kuanzia hatua hiyo. Lakini ziweke katikati ya maada nyeupe tu. Ukiweka alama mpakani, kwenye vokseli (kijichemba kimoja cha picha) iliyochanganya nyeupe na kijivu, utakuwa umeiamuru programu iing'arishe sehemu isiyostahili, na mpaka utasukumwa nje.

Picha iliyotikisika sina tiba yake. Mtu akisogeza kichwa ndani ya mashine, gamba huonekana jembamba kuliko lilivyo, na hakuna alama itakayolirudishia unene wake. Ikiwezekana apigwe picha tena. La sivyo, itolewe kwenye utafiti.

Ila anayeamua kuitoa asijue picha ni ya mgonjwa au ya mtu mwenye afya njema. Hili nalishikilia sana. Wagonjwa wengi hushindwa kutulia, na mkaguzi anayejua majina ya makundi atawaonea huruma hawa na kuwakazia wale bila kukusudia. Ficha majina, andika kanuni ya kukubali na kukataa kabla ya kufungua picha ya kwanza, na kila marekebisho yaandikwe: picha ipi, hatua ipi, alama ziliwekwa wapi.