Kipindi cha Wiki: Afande na Mambo ya Kukatwa

ZAITUNI: Rama, leo umeingia umenuna. Hata salamu umeitikia nusu.

RAMA: Jumanne nilimsindikiza baba mdogo kutoa hela kwa wakala wa simu, hapo Bombo, Uganda.

ZAITUNI: Afande! Magongo yake mazima?

RAMA: Moja limekwisha mpira chini, amelivika kipande cha tairi ya baiskeli, kakaza na waya. Sasa, pensheni iliingia benki, akaivutia kwenye simu. Anatoa laki tatu, ujumbe unaingia: ada, halafu kodi 1,500. Akausoma mara mbili. Akamwambia binti wa wakala, "Mwanangu, mguu nilikatwa mara moja. Hela nakatwa kila mwezi."

ZAITUNI: Astaghfirullah, nacheka nini mimi!

RAMA: Binti akajitetea: "Mzee, sikati mimi, wanakata huko juu." Afande akamjibu, "Hata mimi walikata juu. Juu ya goti."

ZAITUNI: (anacheka) Basi akate rufaa.

RAMA: Rufaa ina ada. Akate tamaa, hiyo bado bure.

ZAITUNI: Usiwape wazo, bajeti inasomwa Juni! Lakini tuseme haki, Rama. Pensheni Uganda haitozwi kodi ya mapato. Hiyo 1,500 ni ile nusu asilimia ya kutoa hela kwenye simu, ya tangu 2018. Ilianza asilimia 1, watu wakapiga kelele ikashushwa. Tunakatwa sote.

RAMA: Ndiyo hapo. Benki wameisamehe, kwenye simu wameivizia. Hela ni ile ile! Waliojeruhiwa vitani kama Afande waondolewe kodi hiyo.

ZAITUNI: Na mama wa Gulu, kule kaskazini, aliyekanyaga bomu la ardhini akienda kulima? Hana pensheni, hana cheo. Mwanawe akimtumia elfu hamsini, akienda kuitoa anakatwa.

RAMA: Naye aondolewe.

ZAITUNI: Wakala atamjuaje? Atahesabu miguu?

RAMA: Laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho. Mashine ijue, wakala asiulize.

ZAITUNI: Daftari la majeruhi wa jeshi lipo. La huyo mama liko wapi? Mimi nasema pensheni iongezwe, na mama apewe chake. Kodi iache.

RAMA: Utasubiri bajeti ngapi? 1,500 ni rolex ya asubuhi, chapati na yai, Zai. Ya mtu aliyeacha mguu kazini.

ZAITUNI: Hata wa mama uliachwa kazini. Kulima si kazi?

RAMA: Sikusema hivyo.

ZAITUNI: Ndivyo ilivyosikika.

RAMA: ...Sawa. Mimi bado nipo pale pale.

ZAITUNI: Na mimi sijasogea. Haya, tulipanga mambo matatu leo: mwajiri mwenye wafanyakazi walemavu anavyopunguziwa kodi, fomu za...

RAMA: Zai, fundi anatuonyesha saa.

ZAITUNI: Anasemaje?

RAMA: Anasema anakata.

ZAITUNI: (anacheka) Juu ya go—