Duka la Kijani, Uingie Kushoto

MWANAIDI: Karibuni tena barazani, mlio Likoni, Kisauni, Jomvu na kwingineko. Leo Bakari ameingia studio na kipande cha bati. Cha nini, kaka?

BAKARI: Kibao cha kwetu Mwakirunge. Mwezi uliopita, saa nane za usiku, mama mkwe alibanwa na pumu. Tukaita ambulensi. Dereva akanipigia: "Nimefika mbuyuni, nikate wapi?" Nikamwambia, pita mbuyu, utaona duka la kijani, uingie kushoto.

MWANAIDI: Maduka ya kijani huko ni mangapi?

BAKARI: Ndiyo hapo! Na usiku, stima zimepotea, kijani na nyeusi ni mamoja. Nimesimama uani naziona taa zake nyuma ya minazi: zinaenda, zinarudi, zinaenda tena. Mara tatu! Ikabidi nitoke mbio na tochi.

MWANAIDI: Twamwelekeza mgeni kama binamu. "Kwa marehemu fulani", na huyo marehemu dereva hakuwahi kumwona.

BAKARI: Ukiulizwa anwani, una sanduku la posta, 80100 Mombasa. Hilo ni la barua, mgonjwa hayumo.

MWANAIDI: Marekani nako watu wengi wa mashambani walikuwa na nambari ya njia ya posta na sanduku, basi. Simu ya kwanza ya 911, nambari yao ya dharura, ilipigwa Haleyville, Alabama, mwaka 1968. Huduma ilivyoenea, kaunti zikaanza kuzipa barabara majina na nyumba nambari. Sehemu nyingi nambari hufuata umbali kutoka barabara inapoanza, shufwa upande huu, witiri upande ule. Dereva akisoma nambari moja tu ajua amebakisha mwendo gani.

BAKARI: Na kibao chao hukaa pale njia ya nyumbani inapotoka barabarani. Mlangoni kingemsaidia nani? Hilo nimeliiga. Shika, tazama: hii ni ile karatasi ya kung'aa inayobandikwa nyuma ya malori. Nimeandika pande zote mbili, maana gari laweza kutokea mjini au kutokea bara.

MWANAIDI: Na hii "jumlisha" katikati ya herufi?

BAKARI: Plus Code, anwani ya herufi na tarakimu ya mahali ulipo. Fungua Google Maps, ubonyeze paa la nyumba yako bila kuachilia, utaiona. Ni bure, na inaonyesha kipande cha ardhi cha kama mita 14 kwa 14.

MWANAIDI: Lakini usingoje mtu akiwa anakoroma kifua ndipo uanze kubonyeza paa! Mimi nimeiandika nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na 999 na 112, herufi kubwa, hata mtoto aisome kwenye simu. Na anayepokea simu akiwa haielewi?

BAKARI: Basi mtumie dereva pini kwa WhatsApp, halafu mwombe kijana wa bodaboda akasimame barabarani, taa zikiwaka. Huyo sijaona kinachomshinda.

MWANAIDI: Kibao mbona bado uko nacho?

BAKARI: Nilitaka kukipigilia kwenye mnazi wa jirani, akakataa, ati misumari itaua mti. Natafuta nguzo.

MWANAIDI: Na mama mkwe?

BAKARI: Mzima, alhamdulillahi. Jana alikisoma, akauliza mbona jina langu liko juu na yeye ndiye mgonjwa.